Bei na Thamani ya Kompyuta Kuukuu

Ukitaka kujua bei ya kitu, kipeleke sokoni. Lakini ukitaka kujua thamani yake, yakupasa kuuliza chafanya kazi gani nyumbani kwako. Mambo haya mawili si mamoja. Katika likizo iliyopita niliyapima yote mawili hapa Gisenyi, juu ya kompyuta mpakato ya nyumbani kwetu, nami naona yafaa kuwaeleza wenzangu na wale waliotutangulia katika shule hii.

Kompyuta hiyo tuliachiwa na mjomba alipohamia Kigali. Ilitengenezwa mwaka 2011. Kumbukumbu yake ni gigabaiti 4, diski yake ngumu ni gigabaiti 320, na betri haimalizi nusu saa bila umeme. Ubavuni ina draivu ya kusomea CD na DVD. Kompyuta mpya nyingi hazina kitu hicho: mwaka 2008 kampuni ya Apple ilitoa MacBook Air isiyo na draivu, na baadaye watengenezaji wengi wakafuata njia hiyo.

Basi draivu yetu ilianza kukataa DVD. Ilizizungusha, ikanguruma kidogo, kisha ikanyamaza. Mama akaniambia, “Mwanangu, karo yako imebaki faranga 40,000. Kuna mtu sokoni aliyesema atatoa 45,000 kwa kompyuta hii. Tuiuze, mambo yaishe.”

Maneno ya mama yalikuwa ya haki. Lakini katika kabati letu mna DVD ya harusi yao ya mwaka 2005. Baba alifariki nilipokuwa na miaka kumi, na sauti yake haimo mahali pengine popote. Nikamwomba mama anipe siku tatu.

Kwanza nilikwenda kwa fundi mmoja mjini. Alisema, “Kijana, draivu nyingine ni faranga 18,000.” Nikamwuliza yule mnunuzi wa sokoni: kama DVD zingesomeka angeongeza kiasi gani? Akajibu, 5,000. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu. Kutoa 18,000 ili upate 5,000 ni kumwaga maji mchangani.

Ndipo nikaanza kuuchunguza ugonjwa wenyewe. Niliweka CD ya nyimbo, nayo ikasomeka vizuri. Kwa hiyo nilijua kwamba mota yazunguka na nyaya ni nzima. Jambo hili lina sababu yake. Draivu husoma kwa mwanga wa leza upitao katika lenzi ndogo kama punje ya dengu. Mistari ya CD imeachana kwa mikromita 1.6, lakini ya DVD kwa 0.74 tu, na mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Kwa hiyo lenzi yenye uchafu kidogo yaweza kusoma CD, ikashindwa kuona maandishi membamba ya DVD. Kadhalika draivu za namna hii hutumia leza mbili, moja ya CD na moja ya DVD. Kama leza ya DVD imekufa, hakuna kitambaa kitakachoifufua. Lakini uchafu ni dawa rahisi kujaribu kwanza, hasa kwetu, ambako wakati wa kiangazi vumbi la udongo wa volkeno huingia kila mahali.

Nilizima kompyuta, nikaitoa betri. Nilichomeka waya mwembamba ulionyooshwa katika kitundu kidogo kilicho usoni mwa draivu, na sinia ikatoka. Duka la dawa liliniuzia spiriti na pamba kwa faranga 1,000. Nililowesha pamba kidogo sana, nikaifuta lenzi polepole bila kuikandamiza, maana imeshikwa na nyaya nyembamba kama nywele. Nikangoja ikauke kabisa kabla ya kuwasha; tena leza haifai kutazamwa kwa macho.

DVD ya harusi ikasomeka. Kabla ya jambo lingine lolote nilinakili yote katika diski ngumu, kisha katika flashi mbili. Mama alipoisikia sauti ya baba akiwashukuru wageni, alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, “Sasa waweza kuiuza bila hofu.”

Hapo ndipo swali la thamani lilipokuja kweli, maana sasa hapakuwa na kumbukumbu ya baba ya kutuzuia. Mnunuzi angetoa 50,000. Lakini kompyuta iliyotumika yenye nguvu kama hiyo, nilipouliza madukani, haikupatikana chini ya 120,000. Anayeuza kwa 50,000 kitu atakachokihitaji tena kwa 120,000 amejikopesha kwa riba kali. Tena katika wiki tatu za likizo niliwaandikia majirani barua za kuomba kazi, nikapata faranga 14,000. Mama akakopa 26,000 zilizobaki katika kikundi chake cha akiba. Deni hilo twalilipa kidogo kidogo, na kompyuta ingali mezani.

Sisemi kwamba kila kitu kikuukuu kitunzwe. Kama ubao mkuu wa umeme ungekuwa umeungua, ningemshauri mama aiuze kwa bei yoyote, au ipelekwe kwenye kiwanda cha kuchambua taka za umeme kilichoko Bugesera, kuliko kuitupa shimoni na sumu yake.

Basi wenzangu, kabla ya kuuza au kutengeneza, ulizeni mambo manne: ugonjwa ni upi hasa, dawa yake yagharimu kiasi gani, kitu hicho kitaleta nini kikipona, na kukipata kingine ni bei gani. Majibu hayo yaandikeni karatasini. Na kama mna diski za wazazi kabatini, zinakilini mwezi huu, maana vyombo vya kuzisomea vyazidi kupungua.