Mashine Inayouliza Kabla ya Kuwaka

Kompyuta tulizojifunzia ufundi zilikuwa za mtumba, makasha mazito yaliyoshushwa Kariakoo kutoka Ulaya, na diski zake zilikuwa za GB 10 au, ukibahatika, 20. Humo ndani tulitaka mifumo endeshi miwili: Windows, ambayo kila mteja aliijua, na Linux, ambayo sisi mafundi vijana tuliipenda kwa kuwa virusi vilivyotapakaa mjini havikuisumbua, na haikudai namba ya leseni. Mashine ya pili hakuna aliyeweza kuinunua. Kwa hiyo tuligawa diski.

Shughuli yote ilianzia kwenye sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512 tu. Kati ya hizo, 446 ni za programu ya kuwashia, 64 ni za jedwali la vipande vya diski, visivyozidi vinne, na 2 za mwisho ni alama ya kuithibitishia mashine kwamba pa kuanzia ni hapa. Windows ikipigwa iliandika programu yake hapo bila kujali nani alitangulia, kama mpangaji mpya anayebadilisha kitasa cha geti la wote. Linux ilibaki salama ndani, ila haifikiki. Ndiyo maana kila fundi alikariri utaratibu: Windows kwanza, Linux baadaye.

Aliyekuwa anapokea wageni enzi hizo ni LILO, programu ya kuwashia ya Linux. Nilimpenda kwa jambo moja: aliandika jina lake kwenye kioo herufi moja moja, na kila herufi ilikuwa taarifa. Zikitokea zote nne, mambo ni shwari. Akiandika LI akagoma, maana yake hatua ya pili ilipakiwa lakini imeshindwa kuanza, pengine kwa sababu BIOS na Linux hazikubaliani juu ya vipimo vya diski. Kabla hujafungua kasha ulishajua pa kushika. Shida yake ni kwamba hakuelewa mafaili. Alikariri tu mahali kiini cha mfumo kilipolala kwenye diski. Ukikibadilisha kiini ukasahau kuendesha amri ya lilo upya, asubuhi unakuta mashine imeduwaa.

GRUB alipomrithi, yeye aliweza kusoma folda mwenyewe, tena alileta orodha ya kuchagua mfumo, yenye kuhesabu sekunde kurudi nyuma. Orodha hiyo ndiyo iliyomleta dukani kwetu mama mmoja mwenye biashara ya vitambaa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaiweka mashine juu ya meza.

“Mwanangu, hii kompyuta siku hizi haiwaki mpaka iniulize swali. Mimi sina jibu.”

“Nani aliishika mara ya mwisho, mama?”

“Mtoto wa dada yangu, yuko chuo. Alisema anaongeza kitu.”

Kijana alikuwa ameongeza Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, na kazi yenyewe ilikuwa safi. Nikafungua faili la menu.lst. GRUB ya wakati ule ilitambua chaguo la kwanza kwa namba, ikihesabu kuanzia sifuri, na kila kiini kipya kilipowekwa, mistari yake iliingia juu na Windows ikasukumwa chini. Namba ileile kesho ingefungua kitu kingine. Nikauhamishia mstari wa Windows kileleni kabisa, nikapunguza sekunde, mama akaondoka na mashine isiyomhoji. Kijana naye hakupoteza kitu. Mshale mmoja wa kibodi ulimtosha.

Ubuntu yenyewe tuliipata kwa posta. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika pwani yetu mwaka 2009, kupakua CD nzima kwenye intaneti ya kahawani ilikuwa ndoto, na waliotengeneza Ubuntu walituma CD bure duniani kote hadi 2011. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, zilizofanya kazi pande zote mbili. Barua iliyoanzwa Windows ikamaliziwa Linux, mradi imehifadhiwa kwenye kipande cha FAT32 ambacho kila upande uliweza kukiandikia.

Mgao wa umeme wa 2006 ulitufundisha nidhamu. Kupunguza kipande cha Windows ili kupata nafasi kulichukua saa kadhaa, na umeme ukikatika katikati, mafaili ya mteja yamo shakani. Tulifanya kazi hiyo usiku, baada ya kunakili kila kitu pembeni.

Kulikuwa pia na vituko vya saa. Windows huhesabu saa ya ndani ya mashine kuwa ni ya hapa. Linux nyingi huichukulia kuwa ya UTC, saa ya kimataifa. Kwetu tofauti ni saa tatu. Usipozipatanisha, unatoka Windows saa tatu asubuhi, unaingia Linux unaambiwa adhuhuri imefika. Mwenye duka anayeandika mauzo kwa muda hawezi kukuelewa.

Windows 8 ilipotoka 2012, kompyuta mpya zilikuja na UEFI, mrithi wa BIOS, na Secure Boot: mashine hukagua saini ya programu ya kuwashia kabla ya kuiruhusu. Saini inayotambuliwa karibu kila mahali ni ya Microsoft, hivyo watu wa Linux wakatengeneza programu ndogo iitwayo shim na kuipeleka huko isainiwe. Sikupenda, na bado sipendi, mashine niliyoinunua ingojee saini ya kampuni moja. Ila UEFI niipe haki yake: ugomvi wa sekta ya kwanza ulikwisha. Kila mfumo ukapata folda yake kwenye kipande kidogo cha FAT. Windows hiyohiyo ikaanza pia kujifanya imezima kumbe imesinzia, na Linux ikikuta hivyo hukataa kuandika kwenye diski yake.

Mwaka 2016 Microsoft wakaiingiza Linux ndani ya Windows 10 yenyewe, na wanafunzi wengi wakaacha kugawa chochote. Nilidhani kazi hii imekufa. Kumbe tangu Oktoba 2025, Windows 10 ilipoachwa bila matengenezo ya kawaida, wanarudi watu wenye laptopu nzima kabisa ambazo Windows 11 inazikataa kwa kukosa TPM 2.0 au kwa uzee wa prosesa. Wanataka Linux, ila Windows ya zamani ibaki kwa ajili ya programu moja ya mahesabu. Swali langu la kwanza kwao ni namba ya BitLocker, tarakimu 48, kama diski imefungwa. La pili ni kama mashine ina nafasi ya diski nyingine. Ikiwa nayo, sigawi tena: nachomoa ya Windows, naweka Linux kwenye mpya, kisha nairudisha ya zamani mahali pake.