Kibondo hadi Kasulu kwa baiskeli: siku ya mwisho yenye maswali

Mzazi anayepanga safari ya baiskeli ya siku kadhaa kutoka Nyakanazi hadi Kasulu, tena akiwa na mtoto wa miaka kumi na mitano, aiangalie vizuri siku ya mwisho. Kutoka Kibondo hadi Kasulu ni zaidi ya kilometa 100, na tambarare ni chache. Barabara inapanda, inashuka, inapanda tena. Hizi ni nyanda za juu, kwa hiyo asubuhi ya Juni au Julai inataka sweta, lakini ikifika saa sita mchana jua linachoma kweli kweli. Heri kuanza safari karibu saa moja asubuhi, mara tu kunapokucha.

Zamani taabu ya njia hii ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua. Mradi wa lami wa Kabingo, Kasulu hadi Manyovu umebadilisha mambo, na hatari nayo imebadilika. Kwenye mteremko wa lami baiskeli hukimbia kuliko mtoto anavyodhani, na nyuma yake huenda kuna lori au basi lenye haraka. Breki zikaguliwe na fundi pale Kibondo kabla ya kuondoka. Mtoto atangulie, mtu mzima afuate nyuma, na nguo ziwe za rangi inayoonekana kwa mbali.

Huku baiskeli ni chombo cha kazi. Mtoto wa mjini mwenye gia ishirini na moja atapitana mlimani na mtu anayesukuma Phoenix isiyo na gia hata moja, mikungu ya ndizi imefungwa kwa mpira kwenye keria, au gunia la mkaa, au madumu ya maji. Kwenye mteremko mwenye ndizi humpita tena. Hapo ndipo zinapoanza salamu, nazo Waha hawazifanyii haraka. "Mwakeye!" ni salamu ya asubuhi, na anayeijua hiyo moja tu hupata tabasamu la bure njia nzima.

Mbele kidogo kuna njia panda ya Nduta, na maswali ya mtoto huanzia hapo. Kambi ya Nduta ilifunguliwa tena mwaka 2015, baada ya mgogoro wa uchaguzi nchini Burundi kuwafukuza watu makwao kwa maelfu. Baadaye, upande wa Kasulu, ipo njia ya kwenda Nyarugusu, kambi iliyoanza mwaka 1996 kwa ajili ya waliokimbia vita vya Kongo. Kuna watoto waliozaliwa Nyarugusu, wakasoma humo, wakawa wazazi humo humo, bila kuiona nchi wanayoitwa wenyeji wake.

"Kwa nini hawarudi kwao?" mtoto atauliza, na mzazi asimjibu kwa mkato. Wengi wamerudi Burundi, na wapo waliorudi kisha wakalazimika kukimbia tena. Warundi walipita mpaka huu mwaka 1972, wakapita tena mwaka 1993. Kiha na Kirundi ni lugha za karibu kiasi kwamba Muha na Mrundi husikilizana bila mkalimani, na wakati mwingine hata undugu upo. Mpaka umewekwa juu ya watu waliokuwa wakitembeleana.

Kambini haiendwi kutalii. Kuingia kunahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, na simu ya kupiga picha watoto wa watu ibaki mfukoni hata ukiwa barabarani. Kusalimia, kununua karanga au ndizi na kuendelea, hilo halina ubaya.

Kati ya miji hii miwili njia inavuka Malagarasi. Wapumzike hapo, maana mto wenyewe ni somo la jiografia. Unaanzia milimani karibu na mpaka wa Burundi, lakini hauendi moja kwa moja Ziwa Tanganyika. Unazunguka mashariki hadi kwenye vinamasi vya Moyowosi, kisha unarudi magharibi kupitia Uvinza ndipo unaingia ziwani.

Ukishapita Makere, Kasulu haiko mbali, ingawa miguu itakataa kuamini. Mjini ugali wa muhogo na migebuka huliwa bila mazungumzo mengi. Akibaki na nguvu ya kusikiliza, binti asimuliwe juu ya Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyetawala Heru, hapa hapa Kasulu, enzi za ukoloni.

Asubuhi yake kuna mabasi ya kwenda Kigoma. Nauli ya baiskeli hupatanwa na kondakta kabla haijapakiwa, na ni vizuri kuhakikisha kwa macho kwamba imefungwa vizuri, magurudumu hayajalaliwa na magunia.