Vejer, Mji Mweupe wa Wenye Kujisitiri

Watu wetu wakiitaja Andalusi huitaja Qurtuba na Gharnata, nao wana haki, kwani msikiti wa kwanza na kasri ya pili havina mfano. Lakini familia iliyojaaliwa siku mbili tatu za ziada ningeishauri ielekee kusini zaidi, jimbo la Cádiz, hadi Vejer de la Frontera. Ni mji mdogo mweupe ulioketi juu ya kilima cha mita zipatazo 200. Kutoka juu huonekana mto Barbate ukipinda kwenda baharini, na anga likiwa safi, milima ya Moroko ng'ambo ya pili. Mabasi mengi hushusha abiria bondeni, na kutoka hapo ni kupanda. Mwenye magoti mabovu na akodi teksi, asione haya.

Aliyekulia Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa hatapata ugeni mkubwa ndani ya kuta za Vejer. Kuta za nyumba zimepakwa chokaa mkono juu ya mkono, vichochoro vyapinda hivi kwamba hujui kilichoko mbele hadi ukifike, na mlango haukufikishi barazani moja kwa moja. Nyuma yake mna ua wenye vyungu vya maua, na zamani familia kadhaa zilishirikiana ua mmoja na kisima kimoja cha maji ya mvua. Kisima hicho Wahispania hukiita aljibe, neno la Kiarabu. Sukari kwao ni azúcar, zaituni ni aceituna, limau ni limón. Mtoto wa Kiswahili aweza kununua nusu ya mahitaji ya jikoni bila mkalimani.

Karibu na mji huu palikuwa na ziwa la Janda, lililokaushwa katika karne iliyopita ili pawe mashamba. Wako wanahistoria wanaosema kuwa ni hapo, mwaka 92 Hijria, yaani 711 Miladia, ambapo jeshi la Tariq bin Ziyad lilikutana na mfalme Roderic; wengine hupataja mahali pengine, mto Guadalete. Lililo yakini ni kwamba Waislamu waliishi hapa zaidi ya miaka 500, hadi karne ya 13 mji ulipoangukia mikononi mwa Wakastilia. Ndipo ukawa "wa mpakani", maana ya neno Frontera. Ngome ingali na tao la umbo la kwato ya farasi. Msikiti hauko; mahali pake pamesimama kanisa.

Nilisimama nje ya kanisa hilo kitambo, kisha nikatafuta pa kuswalia Alasiri kando ya ukuta wa mji. Kwetu Mombasa kibla ni kaskazini. Vejer ni mashariki, na upepo mkali wa mashariki, uvumao pwani ile siku nyingi, ukanipiga usoni muda wote wa swala. Hakuna aliyenisemesha.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo dada zangu watalipenda. Karne kwa karne, wanawake wa Vejer walitoka nje wamejifunika guo jeusi kuanzia kichwani hadi miguuni, wakiacha jicho moja tu la kuonea njia. Mvaaji huitwa cobijada, maana yake aliyesitiriwa. Ukiiona sanamu yake mjini utasema, huyu si bibi yangu na buibui lake la kamba? Watalii wengi huamini kuwa vazi hili ni urithi wa Waislamu. Wataalamu wengi, hata hivyo, hulinasibisha na vazi la Wakristo wa Kastilia wa karne za 16 na 17. Mimi sioni kuwa hilo linalipunguzia thamani. Kwangu lina uzito zaidi, kwani laonyesha kuwa sitara haikuwa ya umma mmoja pekee, na kwamba hao wanaotuuliza leo tumeitoa wapi walikuwa nayo masandukuni mwa mabibi zao.

Katika miaka ya 1930 vazi hilo lilipigwa marufuku, kwa hoja kwamba mtu aweza kujificha ndani yake. (Hoja hiyo haijazeeka.) Kisha vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe na njaa yake. Marufuku ilipopita, wachache tu walikuwa nalo zima. Wengine walikuwa wamekwisha kulikata na kuwashonea watoto nguo. Siku hizi wasichana hulivaa katika sherehe za mji mwezi wa Agosti.

Na kuna Zahra. Huyu alikuwa binti wa Kikristo wa Vejer, ambaye masimulizi humwita Catalina Fernández, aliyesilimu akaolewa na Ali bin Rashid, mwasisi wa mji wa Chefchaouen huko Moroko mwaka 1471. Wenyeji hupenda kusema kuwa amiri aliujenga mji ule kwenye mteremko, wenye vichochoro na chokaa, ili mkewe asiugue kwa kukumbuka kwao. Hayo ni ya masimulizi. Ya historia ni binti yao, Sayyida al-Hurra, aliyetawala Tetouan na kutuma majahazi yake dhidi ya Wahispania na Wareno, Wareno walewale walioichoma Mombasa mwaka 1505. Mwaka 1541 Sultani wa Fes alipomposa, ilimbidi yeye Sultani asafiri hadi Tetouan kufunga ndoa, kwani bibi harusi hakuwa tayari kuacha mji wake.

Kuhusu chakula: kinachosifiwa sana Vejer ni lomo en manteca, nayo ni nguruwe ndani ya mafuta ya nguruwe, basi uliza kabla ya kuketi. Badala yake agiza jodari. Huvuliwa Barbate, chini ya kilima, msimu wa kuchipua, kwa nyavu ziitwazo almadraba, na jina hilo nalo ni la Kiarabu. Ukishashiba, Tarifa si mbali. Kutoka hapo feri huvuka hadi Tangier kwa muda wa saa moja hivi, na barabara ya Chefchaouen iko mbele yako. Shughulikia viza ya nchi zote mbili kabla ya kutoka nyumbani.