Majira ya Kuupanda Mlima Elgon

Wengi katika sisi tukaao Eldoret hutamani siku moja kuupanda Mlima Elgon, ulioko upande wa kaskazini-magharibi, mbele ya Kitale. Lakini kabla ya kufunga safari yafaa mtu ayajue majira yake, kwa maana mlima haungojei likizo ya mtu.

Nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea. Nilikuwa nimesoma ya kuwa Julai na Agosti ni miezi mikavu juu ya Kilimanjaro, nikadhani milima yote ya Afrika ya Mashariki ni sawa. Basi nikaomba likizo mwezi wa Agosti, nikaenda pamoja na wenzangu wawili. Njia ilikuwa tope tupu, na motokaa ikakwama msituni. Tulipoendelea kwa miguu, mvua ya mawe ilitunyeshea, ukungu ukaifunika njia, na mwenzetu mmoja akatetemeka hata asiweze kufunga vifungo vya koti lake. Askari wa hifadhi aliyetuongoza akatuamuru turudi. Tulinung'unika, lakini leo namshukuru, kwani baridi ya namna hiyo huua.

Sababu ya tofauti hiyo ni hii. Mvua za Kilimanjaro hutoka hasa Bahari ya Hindi. Elgon nao hupokea hewa yenye unyevu kutoka magharibi, yaani Ziwa Viktoria na misitu ya Kongo. Kwa hiyo mvua inayoanza Machi au Aprili haikomi mwezi wa Juni. Hupungua kidogo tu, kisha huongezeka tena Julai na Agosti. Miezi iliyo mikavu zaidi ni Desemba, Januari na Februari. Mkulima wa Uasin Gishu hahitaji kalenda: mahindi yakiwa mabichi shambani, mlima umelowa, yakiisha kuingizwa ghalani, njia imekauka.

Tulirudi Januari iliyofuata. Tulianza kutembea alfajiri kutoka Koroborte, mahali barabara ya magari inapoishia, na kabla ya saa tano tulikuwa juu ya Koitobos, mita 4,222. Chini yetu lilionekana shimo kubwa la volkeno iliyozimika zamani, upana wake kilometa zipatazo 8, na ng'ambo yake, katika Uganda, kilele cha Wagagai, mita 4,321, ambacho ndicho kirefu kuliko vyote. Ilipofika saa nane mawingu yalikuwa yamekwisha kupafunika pote.

Basi, ndugu msomaji, hata wakati wa kiangazi chukua koti la mvua na nguo za sufu, kwa kuwa usiku maji huganda huko juu. Ufike kileleni asubuhi. Na askari akikuambia urudi, rudi. Mlima hautahama, nawe waweza kuurudia mahindi yatakapokwisha kuvunwa.