Yashica ya Mjomba

Miaka ya tisini wapiga picha wa kwetu Nuu walihesabika, na mjomba alikuwa mmoja wao. Siku ya soko utamkuta na Yashica yake shingoni, wateja wakipanga mstari na nguo za Jumapili. Ulitoa arbuni, ukapigwa, ukaenda zako. Picha ungeiona filamu ikishajaa. Mkanda ulikuwa na picha 36, naye hakuwa tayari kula nauli ya kwenda Mwingi kusafisha mkanda nusu. Ya Krismasi ungeweza kuipata mwezi wa tatu, na hakuna aliyelalamika sana, kwa kuwa kufikia hapo ndengu zimeshauzwa na salio lipo.

Mkanda alikuwa akiupachika gizani, chini ya blanketi, akivuta ncha kidogo tu ili apate picha ya 37, pengine ya 38. Hizo za nyongeza ndizo zilizokuwa faida yake. Ukifumba macho, shauri yako, harudii.

Kamera za dijitali zilipoanza kusikika hakushtuka. Zilikuwa ghali, tena zilitaka kuchajiwa, na kwetu umeme ulikuwa hadithi. Yashica ilikula betri mbili ndogo za dukani. Kilichommaliza ni studio ya mjini iliyomsafishia picha: iliacha kupokea mikanda. Mashine ya kusafishia inataka kazi kila siku, maana dawa zake zikikaa zinaharibika, na wapiga picha wakubwa walikuwa wamekwisha kuhamia dijitali. Mikanda yetu michache ya Nuu isingeweza kuilisha. Simu zenye kamera zilipoenea, zilikuta kazi imeshakufa. Kamera nzima, haina hata mkwaruzo, ikakosa mnunuzi.

Hata wenye viwanda hawakusalimika. Kyocera, waliomiliki jina la Yashica wakati huo, walitangaza mwaka 2005 kwamba wanaacha kamera. Konica Minolta wakafuata 2006. Kodak, ambao mhandisi wao Steven Sasson ndiye aliyeunda kamera ya dijitali mwaka 1975, walikimbilia mahakamani Januari 2012 wajikinge na wadai.

Juzi mjukuu wake alikuja kutoka Nairobi akiitaka Yashica. Vijana wenzake, anasema, wanazitafuta. Mjomba akamuuliza mkanda mmoja siku hizi ni pesa ngapi. Alipotajiwa alicheka mpaka akashika mbavu: kwa hela hiyo, zamani, angepiga harusi nzima na kubaki na nauli. Kamera hajaitoa. Anasema kama mkanda umefika huko, yeye atangoja kidogo, bei ya kamera nayo ipande.