Visiwani Ziwa Victoria: Panga Safari kwa Upepo, Si kwa Kalenda

Likizo ya Agosti inapokaribia, familia nyingi za mijini huwa na wazo moja tu: Mombasa. Mabasi hujaa, hoteli hupandisha bei, na watoto hurudi nyumbani na mchanga uleule viatuni kama wa mwaka uliopita. Ilhali upande wa pili wa nchi kuna maji mengine yasiyo na chumvi, yenye visiwa ambavyo watoto wengi wa Nairobi huvisikia tu katika somo la jiografia.

Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita mraba 68,800. Sehemu iliyo Kenya ni kama asilimia sita tu, lakini asilimia hiyo sita ina Rusinga, Mfangano, Takawiri na visiwa vingine vidogo vinavyoweza kuijaza wiki nzima ya mtu mwenye mashua.

Na mashua si taabu kuipata. Henry Morton Stanley alipolizunguka ziwa hili mwaka 1875, ilimbidi aje na chombo chake, Lady Alice, kilichobebwa vipande vipande na wapagazi kutoka Bagamoyo. Wewe, msomaji, unahitaji kufika Mbita tu. Waweza kwenda kwa barabara kupitia Homa Bay, au kuvuka kwa feri kutoka Luanda K'Otieno. Kuanzia Kisumu kwa mashua ni safari ndefu ndani ya Ghuba ya Winam, na magugu maji yanayosukumwa huku na huku na upepo huweza kukufungia njia. Aliye na siku moja tu Kisumu na aende Kisiwa cha Ndere, mbuga ya taifa tangu 1986, akawaone swala pala na kurudi.

Ziwa lina saa zake

Jambo la kwanza kulielewa kabla ya kuhesabu fedha wala siku ni upepo. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, na alfajiri upepo hutoka bara kwenda ziwani. Mchana nchi kavu hupata joto na upepo hugeuka, ukatoka ziwani kuja bara. Wavuvi wa tanga wameitegemea ratiba hii tangu zamani: asubuhi upepo huwapeleka, alasiri huwarudisha. Mtu anayetoka Mbita kwenda visiwa vya magharibi na afanye hivyo hivyo. Aondoke mapema asubuhi.

Lakini upepo huo wa alasiri si wa kuchezewa. Mara nyingi huvuma kwa nguvu, na katika mlango wa Rusinga, ambapo ghuba hukutana na ziwa kuu, mawimbi huinuka ghafla. Ngurumo na dhoruba nazo hupenda kuzuka juu ya maji usiku wa manane hadi alfajiri. Kwa hiyo kuamka saa kumi na moja hakutoshi. Tazama mawingu kwanza, sikiliza utabiri wa hali ya hewa wa ziwa, kisha umwulize nahodha. Akisema leo hapana, basi ni hapana.

Majira nayo yana mashauri yake. Machi hadi Mei ni mvua za masika. Januari na Februari huwa na mvua chache, ingawa jua ni kali. Agosti mvua si nyingi sana, lakini ni msimu wa pepo za kusini-mashariki ambazo hulichafua ziwa kuu. Anayesafiri Agosti na aambae na visiwa, asijitose katika maji wazi.

Chombo na watu wake

Mashua za huku ni za mbao, ndefu na nyembamba. Zipo za tanga na zipo za injini. Kwa familia, inayofaa zaidi ni yenye vyote viwili: tanga kwa ajili ya raha, injini kwa siku ambayo upepo umelala au umekasirika. Kodi chombo pamoja na nahodha wake, na mwelewane mapema ni nani atakayelipia mafuta.

Kabla ya kulipa, hesabu jaketi za kuokolea maisha. Iwepo moja kwa kila mtu, na kila mtoto ajaribishwe ya kwake pale ufuoni, kwa maana jaketi ya mtu mzima humponyoka mtoto kichwani anapotumbukia majini. Hesabu na watu pia. Ziwa hili halijasahau MV Bukoba iliyozama karibu na Mwanza mnamo Mei 1996 na kuua mamia ya watu, wala MV Nyerere iliyopinduka karibu na Ukara mnamo Septemba 2018, ambapo zaidi ya watu 220 walikufa. Vyote viwili vilibeba watu kupita kiasi. Nahodha akitaka kuongeza abiria wawili watatu 'wa njiani', shuka.

Waachie kamati ya ufuo wa Mbita majina yenu, njia mtakayopita na siku mnayotarajiwa kurudi. Mtu asiyejulikana alikokwenda hatafutwi.

Siku tano za kutosha

Siku ya kwanza iwe ya Rusinga, ambayo imeungana na Mbita kwa daraja. Hapo ndipo Mary Leakey alipogundua fuvu la Proconsul mwaka 1948, kiumbe wa jamii ya nyani aliyeishi takriban miaka milioni 18 iliyopita. Hapo pia amezikwa Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi Julai 5, 1969. Jengo lililo juu ya kaburi lake limejengwa kwa umbo la risasi. Mwanafunzi aliyesoma habari zake darasani atasimama pale akiwa kimya bila kuambiwa.

Siku ya pili, alfajiri, elekeeni Takawiri, kisiwa cha mchanga mweupe na minazi ambacho humfanya mgeni adhani yuko Pwani. Njiani kuna vijisiwa ambavyo miti yake imejaa mnandi na korongo.

Siku ya tatu na ya nne ni za Mfangano. Shukeni Sena mkawasalimu wenyeji kwanza, kwani hiki ni kisiwa cha watu na makazi yao. Wenyeji wa asili ni Abasuba, ambao wengi wao sasa huzungumza Dholuo, na jumba lao la makumbusho hujitahidi kuyahifadhi yaliyosalia ya lugha na mila. Chukueni mwenyeji awaongoze hadi michoro ya kale ya mawe ya Mawanga na Kwitone: miduara na mizunguko ya rangi nyekundu na nyeupe ambayo husemekana ni kazi ya Watwa. Kwitone iko mlimani, kwa hiyo vaeni viatu imara na mbebe maji.

Usiku, tazameni ziwani. Wavuvi wa omena huwasha taa zao juu ya maji, na gizani utafikiri mji mzima umehamia huko. Hufanya kazi hiyo usiku usio na mbalamwezi, na kati ya Aprili na Julai uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaane. Anayetaka kuziona taa hizo na achague usiku wa giza kuanzia Agosti.

Kutia nanga na kulala

Tieni nanga upande wa kisiwa uliokingwa na upepo, na kamba iwe ndefu angalau mara tano ya kina cha maji. Epukeni mahali penye maboya ya nyavu. Wavu uliokatwa na injini yako ni chakula cha watoto wa mtu. Epukeni pia mafunjo, kwani kiboko hupapenda, naye hutoka usiku kulisha. Ni heri kulala nchi kavu, chini ya chandarua. Watoto wa Nairobi hawana mazoea na malaria ya ziwani, kwa hiyo mwoneni daktari kabla ya safari awape dawa ya kinga.

Maji yatawazunguka kila upande, na bado itabidi mbebe ya kunywa au mchemshe. Kuhusu kuogelea, kumbukeni kichocho. Konokono wanaokieneza hupenda maji yaliyotulia yenye majani, na mchanga mweupe si hati ya usalama. Mkioga ziwani, mpimwe baada ya wiki kadhaa; dawa ipo.

Siku isiyo na kazi

Mpaka hapa tumehesabu siku nne. Ya tano isiandikiwe kitu. Hii ndiyo siku iliyo muhimu kuliko zote, nayo ndiyo watu wa mjini huifuta kwanza wanapobana matumizi.

Fikiri. Ni Jumapili, Jumatatu baba anatakiwa kazini, tiketi za basi zimeshalipiwa, na ziwa limechafuka. Familia isiyo na siku ya akiba itamshurutisha nahodha avuke. Naye, kwa sababu anataka malipo yake na hapendi kubishana na wageni, huenda akakubali. Hivyo ndivyo wazazi wenye busara zao wanavyojikuta katikati ya mawimbi na watoto, si kwa ushujaa bali kwa sababu ya tiketi.

Mwenye siku ya akiba huagiza chai nyingine pale Sena, watoto wakacheza ufuoni, na kesho yake maji yakitulia akavuka huku akiimba. Gharama yake ni malazi ya usiku mmoja na samaki wawili. Na ziwa likiwa shwari siku zote tano, hujapoteza chochote, umepata siku moja zaidi kisiwani. Kawia ufike.