Nyumba ya Mjini Ilipopata Bei

Kwetu Ujaluoni, Kanyamwa nilikozaliwa na Kamagambo nilikoolewa, hakuna mtu niliyemjua aliyeuza nyumba. Watu waliuza ng'ombe. Waliuza miwa kule Awendo. Wachache waliuza hata kipande cha shamba kwa siri, wakasemwa mpaka kufa. Nyumba ilikuwa jambo jingine. Familia ikikua, kijana alijijengea simba, kibanda cha ujanani, karibu na lango, na alipopata mke na watoto alitoka alfajiri pamoja na baba yake, mkewe na mwanawe wa kwanza, wakibeba jogoo, shoka na moto, akafungue boma lake mwenyewe. Gharama yake ilikuwa udongo, miti, nyasi na chakula cha waliokuja kusaidia. Hakuna aliyeandika hesabu.

Mjini tulikuwa wageni, hata wenye mishahara mizuri. Mwaka 1987, kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno ilipounguruma Nairobi, watu wazima hawakuzungumza kitu kingine, na hoja iliyotukaa vichwani sisi wanafunzi ilikuwa ile ya ukoo wa Umira Kager: Mjaluo anaweza kuwa na nyumba jijini, lakini kwao ni pale walipo mababu. Mahakama ya Rufani ikaupa ukoo haki, akazikwa kwao Nyalgunga. Baada ya hapo ungemshawishi nani azike mshahara wake katika ploti ya mjini? Nilipoanza kufundisha Migori miaka ya tisini, walimu wenzangu walikodi vyumba vya mabati pale Oruba, na kila mwisho wa mwezi mifuko ya simiti ilipanda matatu kwenda vijijini.

Sisi tulijenga mjini kwa kuchoka kuhamahama, wala hatukuona mbali kuliko wengine. Ploti yenyewe ilikuwa na barua ya ugawaji kutoka kwa halmashauri ya mji, basi. Zamu yangu katika nyoluoro, chama chetu cha wanawake, ilileta chumba cha kwanza. Zamu iliyofuata ikaleta cha pili. Ramani ilikaa kichwani mwa fundi, ndiyo maana dirisha la sebule lilitazama jikoni.

Kisha ukaja ugatuzi. Kuanzia mwaka 2013 Migori na Homa Bay zikawa makao makuu ya kaunti, maafisa wakamiminika wakitafuta mahali pa kuishi, na wenye kupata kitu kwenye migodi ya dhahabu ya Nyatike nao wakitaka ploti. Dalali mmoja akawa hakosi mlangoni. "Mama Achieng, hii unaniachia kwa milioni ngapi?" Mara ya kwanza nilicheka. Baadaye nikaanza kumkaribisha chai.

Mume wangu alipopata kazi Homa Bay, nasi tukiwa tumewachukua watoto wa marehemu shemeji yangu, vyumba viwili havikutosha tena. Tuliamua kuuza, tukaenda Kamagambo kumwarifu mama mkwe. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza mimi, binti wa Kanyamwa, si mwanawe: "Nyar Kanyamwa, mnauza nyumba, kwani kuna mgonjwa?" Kwake yeye, anayeuza paa lililo juu ya kichwa chake ana shida asiyotaka kuitaja.

Shida yetu ilikuwa ya hesabu. Nilidhani, kama wengi wanavyodhani, kwamba mtu huuza ya zamani, akachukua hela, akanunua mpya. Wakili alitukalisha akatueleza mpangilio ulivyo: mnunuzi hutoa asilimia 10 mnapotia sahihi, na salio kwa kawaida ndani ya siku 90. Ile asilimia 10 hukaa kwa wakili mpaka mauzo yakamilike, kwa hiyo huwezi kuichukua ukailipie amana ya nyumba unayoitaka. Amana hiyo lazima itoke kwingine, nayo siku zako 90 za kununua zisiishe kabla ya siku 90 za anayenunua yako. Hapo ndipo watu wengi hukwama, wakiwa na mali ya mamilioni na mfukoni hamna kitu.

Amana yetu ilitoka kwenye sacco. Miaka ya nyuma niliongeza akiba kidogo kidogo kwa sababu moja tu: mkopo hupimwa kwa mara tatu ya akiba ya mwanachama, halafu lazima upate wadhamini. Kupata wadhamini ni kazi kuliko kupata akiba. Mwalimu mwenzako atakuazima gari lakini hatakutilia sahihi. Riba yetu ilikuwa asilimia moja kwa mwezi kwa deni linalopungua. Benki tulizifikiria zaidi kati ya Septemba 2016 na Novemba 2019, sheria ilipoweka kikomo cha riba, lakini riba nafuu ya kwenye karatasi haikutufaa watu wadogo: benki ziliona heri kuikopesha serikali.

Halafu karatasi. Barua ya ugawaji ilituingiza mjini, ila haikuweza kututoa. Ilitubidi tulipe malimbikizo ya kodi ya ardhi, tupate hati kamili na cheti cha kutodaiwa na kaunti, ndipo mnunuzi mwenye mkopo wa benki atusikilize. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisema wazi kwamba barua ya namna hiyo peke yake haimpi mtu haki juu ya ardhi, na nikawahurumia majirani waliokuwa bado wameikunja chini ya godoro.

Kodi ya faida ya mauzo ilitupita kwa sababu sheria humsamehe mtu anayeuza nyumba aliyoishi mwenyewe kwa miaka mitatu mfululizo kabla ya kuuza. Majirani wenye vyumba vya kupangisha hawakuwa na bahati hiyo. Mwishoni mwa mwaka 2022 walikimbizana na mawakili wao, kwani kuanzia Januari 2023 kodi hiyo ilipanda kutoka asilimia 5 hadi 15. Upande wa kununua tulikutana na ushuru wa stempu: asilimia 4 ndani ya manispaa, 2 nje yake. Kwa nyumba ya milioni 6, hizo ni shilingi 240,000 kabla hujanunua pazia, na thamani hupangwa na mthamini wa serikali, hata kama nyinyi wawili mliandikiana bei ndogo.

Leo tuko Homa Bay, vyumba vinne, mlima Asego uko nyuma yetu. Binti yetu Achieng, ambaye sasa ana kazi yake, ameniletea hesabu kwenye simu: tukisitisha pesa tunazotoa kila mwezi kuezeka upya nyumba ya Kamagambo, mkopo wa sacco utaisha karibu miaka miwili mapema. Ni kweli, nimeipitia. Baba yake ameiangalia, akamrudishia simu, akauliza mabati ya geji 28 sasa yanauzwaje pale Rongo.